Boma la wananchi, darasa la serikali au tujenge wenyewe: kijiji kichague lipi?

Ndani ya boma letu, darasa lililobaki kuta tu, umeota mpapai. Hakuna aliyeupanda. Mtoto alitema mbegu, mvua ikafanya yake, na sasa umepita usawa wa madirisha. Boma lina kuta nne za tofali za kuchoma, limefika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na kozi chache za tofali juu yake, bati halina. Tulilisimamisha kwa nguvu zetu baada ya kuambiwa mkutanoni kwamba tukifika lenta, serikali itaezeka. Tukafika. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi, kwa hiyo lawama nazipokea sokoni mpaka leo.

Wiki mbili hizi nimepigiwa simu na jamaa wa vijiji viwili vya jirani. Mikutano yao mikuu inakaribia na ajenda ni ileile: watoto wamejaa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi, na wao wanakaribia mara mbili ya hapo. Wajenge? Wasubiri? Wachangishane wamalize wenyewe? Njia zote tatu nimezipitia, moja kama mweka hazina, moja kama mjumbe wa kamati ya mapokezi, na moja kama mtu aliyeongezwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Nazilinganisha hapa jinsi nilivyoziona. Kila mmoja akapime na kijiji chake.

Kwanza: wananchi hadi lenta, serikali imalizie

Hii ndiyo njia iliyozoeleka Tanzania, na sera haikuizua. Huko kwetu milimani kazi ya pamoja tunaiita msaragambo na ilikuwepo kabla ya halmashauri. Mtu akisikia pembe anachukua jembe. Serikali ilikuta desturi hiyo, ikaipa jina la nguvu za wananchi na kuiwekea mpaka: msingi na kuta ni zenu, kenchi za paa, bati, lipu, jamvi la sakafu, milango na madirisha ni sisi.

Uzuri wake ni kwamba watu wanauliza. Nitatoa mfano mmoja ambao sitausahau. Tulipokuwa tunasoma mapato na matumizi, mama mmoja alisimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni, akasema, "Mwenyekiti, mimi nimebeba ndoo ishirini na sita za mchanga kutoka mtoni. Nimezihesabu. Sasa hapo umesoma saruji mifuko arobaini, na juzi stoo nilihesabu thelathini na saba. Mitatu iko wapi?" Mwenyekiti akanitazama. Nikafungua daftari, jasho linanitoka. Mifuko mitatu ilikuwa imeazimwa kwenda kurekebisha tangi la maji la zahanati, na kweli ilirudishwa baadaye, lakini hakuna mkaguzi wa ndani wa wilaya ambaye angeligundua lile siku ileile. Aliyebeba mchanga hadanganywi juu ya saruji.

Ubaya wake uko kwenye hesabu. Kwa miaka kadhaa kiwango kilichotajwa sana cha kumalizia boma moja kilikuwa shilingi milioni 12.5. Na mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa ya sekondari kutoka chini hadi juu, ilitoa milioni 20 kwa darasa, viti na meza humo humo. Miradi ni tofauti na vipindi ni tofauti, kwa hiyo usichukue tofauti yake kama bei ya dukani, lakini picha unaipata: ndoo zote zile, tofali zote, Jumamosi zote, ni kama milioni 7.5, zaidi kidogo ya theluthi moja ya darasa. Theluthi hiyo peke yake haimfichi mtoto mvua. Darasa lililobaki theluthi mbili ni ukuta tu.

Tena ukuta hausubiri. Tofali letu la kuchoma ni zuri likifunikwa, ila likiachwa wazi misimu miwili, maji yanaingia kwa juu, udongo wa kati ya kozi unalainika, na kozi za juu zinaanza kucheza ukizisukuma kwa kiganja. Nguvu za wananchi zinaoza kama mahindi yaliyoachwa shambani. Halafu kuna hasara isiyoandikwa daftarini: ukiita msaragambo mara ya pili, watu hawaji. Wanakuonyesha mpapai.

Na mzigo wenyewe hatukuugawa sawa, hilo nalikiri. Tulipanga shilingi 10,000 kila kaya. Kwa mwenye Fuso ni nauli ya siku. Kwa mjane mwenye mbuzi wawili ni chumvi na sabuni ya mwezi. Walioshindwa walifuatwa na mgambo, na siku moja nilimwona mgambo akitoka uani kwa mtu na sufuria. Sufuria, kwa ajili ya darasa! Tulirekebisha baadaye, asiye na fedha akaruhusiwa kulipa kwa siku za kazi, lakini ilipaswa iwe hivyo tangu mwanzo.

Pili: serikali ijenge yote

Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa fedha za UVIKO-19, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kama shilingi trilioni 1.3. Humo yalikuwemo madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Sekondari ya kata yetu ilipata mawili. Milioni 40 ziliingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, hakuna mkandarasi, ni ule mtindo wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, fundi wa hapahapa analipwa ufundi, na zinaundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi nikawekwa ya mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kusimama na kalamu lori linaposhusha.

Ukitaka kasi, hakuna njia nyingine inayoifikia. Yale madarasa yalitakiwa yawe tayari kwa kidato cha kwanza cha Januari 2022, na kwetu yalikuwa tayari. Watoto waliingia rangi ikinuka. Hakuna mjane aliyechukuliwa sufuria.

Sasa nieleze kilichonisumbua. Shule zote zilikuwa zinajenga mwezi uleule. Fundi mzuri alikuwa anatafutwa kama mchumba, na bei ya bati haikukaa siku tatu mahali pamoja. Halafu milioni 20 zilikuwa zilezile kwa shule iliyoko kando ya lami na kwa shule yetu, ambako lori la mchanga likipanda mlima linalipwa safari mara mbili. Fedha ikaanza kuishia njiani. Tukafanya nini? Tukapiga pembe. Watu wakaja kubeba mchanga na maji kwa ajili ya "darasa la serikali". Kwa hiyo hata hii njia ya pili, kwa wa mbali, ina mchango ndani yake. Tofauti ni kwamba haukujadiliwa mkutanoni wala kuandikwa popote.

La pili ni ukimya. Siku nzima nimekaa na karatasi za mapokezi, hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuuliza mifuko mingapi imeshuka. Wanapita, wanasalimia, wanaendelea. "Si ya serikali hiyo?" Mama yule wa ndoo ishirini na sita alipita pia. Nilimwita aje ahesabu na mimi, akacheka akasema yeye hana hisa mle. Nilipokea nondo milimita 10 mahali palipoandikwa 12, nikazirudisha, dereva akanuna. Lakini ningezipokea nani angejua? Kamati tatu kwenye karatasi hazifikii jicho moja la mtu aliyetoa jasho.

Hapa watu wengi huchanganya jambo, wakidhani elimu bila ada maana yake serikali imebeba kila kitu. Hapana. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, na Waraka wa Elimu namba 3 wa 2016 ukagawa majukumu: sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, kwa sababu kweli ilikuwa imezidi, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ream ya karatasi. Walimu wakaambiwa wasishike mchango wa mzazi, anayetaka kutoa kwa hiari apitie halmashauri. Marufuku ile ilimwokoa maskini. Ila kijijini ilisikika kwa namna nyingine kabisa: "Rais kasema bure." Mwaka ule ajenda ya choo cha wasichana ilikufa mkutanoni kwa maneno hayo matatu. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na sisi hatukuwa hata karibu.

Tatu: tujenge wenyewe mpaka funguo

Hii inaanzia kwenye simu. Wazaliwa wa kijiji walioko Dar, Arusha, mmoja Muscat kule Oman, wanaunda kundi, wanaweka picha ya boma lisilo na bati, mtu anaandika "aibu hii jamani", mwingine anaahidi bati 40, na kabla ya Krismasi kuna fedha. Desemba wanapanda na magari, wanapiga picha.

Nimeona darasa likimalizwa hivyo kijiji cha pili kutoka kwetu, kwa miezi minne, na ni zuri kuliko la serikali. Madirisha ya aluminiamu. Kama mnao watu wa namna hiyo, sitawadanganya kwamba msubiri bajeti.

Lakini fikirieni kijiji ambacho hakijatoa wasomi. Hakina kundi, hakina Muscat. Njia hii inampa aliyenacho. Kenya waliipitia kwa upana kuliko sisi: tangu Mzee Kenyatta alipoifanya harambee wito wa taifa mwaka 1963, wananchi walijenga sekondari kwa mamia, mara nyingi wakitumaini kwamba serikali itaona majengo, itaona haya, italeta walimu. Nyingine zilichukuliwa kweli. Nyingine zikabaki na walimu wasiosomea ualimu na ada ya juu, na sehemu zilizokuwa mbele tangu enzi za misheni na kahawa zikazidi kwenda mbele. Harambee zenyewe zikageuka jukwaa la wanasiasa kutupa noti. Mwaka 2003 wakaanzisha mfuko wa maendeleo ya majimbo, CDF, fedha ya kodi kwa kila jimbo, na leo darasa la Kenya lina uwezekano mkubwa wa kuandikwa jina la mfuko huo ukutani. Una kasoro zake, wenyewe watawaeleza, lakini jimbo lisilo na tajiri linapata.

Na hata aliyenacho anakwama palepale. Jengo ni la siku moja. Mwalimu ni wa kila mwezi.

Mwalimu

Hapa nasimama kidogo kwa sababu ndipo tulipopotea zaidi, na katika mikutano hapajadiliwi kabisa. Tunalumbana juu ya tofali kwa kuwa tofali linaonekana.

Shule za kata ni ushahidi. Kuanzia mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004, na zaidi baada ya 2006, wananchi nchi nzima walihimizwa, wakajenga, kila kata ikawa na sekondari yake. Ni kazi ambayo sijui kama wazazi wetu waliwahi kuifanya kwa ukubwa ule. Majengo yakatangulia, walimu wakafuata kwa kuchechemea. Wakaletwa wa mafunzo ya muda mfupi, wale mtaa uliowabatiza voda fasta, na maabara zikaja kudaiwa miaka mingi baadaye. Mwananchi alimaliza sehemu yake. Sehemu ya pili ya mkataba ndiyo haikuwa na tarehe.

Leo shule yetu ya msingi ina kijana anayefundisha hisabati kwa kujitolea. Ana diploma, ajira hajapata. Wazazi tunatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mtoto, na kila mwezi theluthi hawatoi, na yule kijana hawezi kuwafukuza watoto wao wala hataki. Mwezi wa pili alikuja kuniomba nimkopeshe nauli ya kwenda kwenye usaili wa ajira mjini. Nilimpa, huku moyoni naomba asifaulu, kwa sababu mwanangu yuko darasa la saba. Nieleweni: huo ndio ubaya wa mwananchi kubeba mzigo wa serikali. Unakufanya umwombee mabaya mtu mwema.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu, na kwenye hili sioni njia ya kati: kinacholipwa mara moja kinaweza kugawanywa. Kinacholipwa kila mwezi ni cha serikali, maana ndiyo yenye mkono wa kukusanya kodi kwa aliyelala na aliye macho. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sekondari 25,000. Ni ndogo, kila mwalimu mkuu atakwambia, lakini angalau inafika bila kubisha hodi kwa mjane. Chakula nakitoa kwenye kanuni hiyo, kwa kuwa mahindi na maharage tunayo na mtoto angekula hata angekuwa nyumbani.

Mnaopiga kura mwezi huu

Kama mna boma tayari, kama sisi, msiongeze hata tofali moja. Pelekeni fundi akague kuta, aandike hali yake, diwani aipeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na mfuatilie mpaka muone boma lenu limetajwa kwa jina kwenye bajeti ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila vipaumbele vinakusanywa miezi mingi nyuma. Ukienda Mei na barua yako nzuri, umechelewa mwaka mzima. Sisi tulikwenda Mei.

Kama hamjaanza, na mkaamua njia ya kwanza, ambayo bado naipenda kuliko zote kwa sababu ya mama yule na daftari langu, basi geuzeni mpangilio. Sisi tulijenga ndipo tukaomba. Ombeni ndipo mjenge. Kusanyeni mawe, mchanga na tofali, hivyo vinasubiri bila kuoza, hata vikikaa miaka miwili chini ya mwembe. Kuta zipandishwe siku kifungu kinapoonekana kwenye bajeti. Watakaowaambia "anzeni, serikali haimsaidii asiyejisaidia" waulizeni wao watakuwa wapi mvua ya pili. Ahadi ya kiongozi mkutanoni iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa jina na tarehe, asomewe kabla hajapanda gari. Yetu haikuandikwa. Nilikuwepo, nilipiga makofi.

Mchango uwekwe kwa uwezo na uwe na mlango wa kazi kwa asiye na fedha. Mkitaka uwe wa lazima, tungeni sheria ndogo ya kijiji ipite mkutano mkuu na baraza la madiwani. Bila hiyo, mgambo anayebeba sufuria ni mwizi tu mwenye sare.

Fedha ya serikali ikija yote kwa mkupuo, ipokeeni, msione haya, ni kodi yenu. Ila bandikeni ubaoni kwa mtendaji kila mzigo unaoshuka, tarehe na idadi. Na mchango wa nguvu utakaoombwa katikati uhesabiwe kwa shilingi na uandikwe, ili wa wilayani wajue kwamba milioni 20 za mlimani hazikutosha.

Kuna ndugu mmoja, mwanasheria, alinishauri tuidai serikali mahakamani kwa boma letu. Nikasoma. Katiba yetu ibara ya 11 inazungumzia haki ya kujielimisha na wajibu wa serikali kuweka utaratibu, lakini ibara ya 7 inasema sehemu hiyo haitekelezwi na mahakama. Wenzetu Kenya, ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bure na ya lazima, na mtu anaweza kuipeleka kortini. Sisi mahakama yetu ni diwani na kura, kila baada ya miaka mitano, ndiyo maana nasisitiza ule muhtasari.

Fundi amekuja kwetu juzi. Amepanda ngazi, amegonga kwa nyundo, ameshuka akifuta mikono. Kozi tatu zilizo juu ya lenta zivunjwe zijengwe upya, upande wa kusini nne. Lenta yenyewe nzima. Mpapai lazima ukatwe kabla jamvi halijamwagwa, kama jamvi litamwagwa. Mwalimu mkuu ameomba usikatwe mpaka mapapai yaive, darasa la kwanza wameshayahesabu.